Kibakuli Kilichojaa

Kazini walimwita Kufuli, na jina lilimkaa sawasawa. Inspekta yule kila alipofika penye tukio, kabla hata hajamaliza salamu, alikuwa ameshafunga milango, amezungusha utepe, amedondosha lakiri nyekundu penye tundu la ufunguo na kuigandamiza kwa muhuri wake. Maswali yalikuja baadaye, roho ikiwa imetulia. Wenzake walimtania kwamba nyumbani kwake mkewe huomba kibali kabla ya kufungua kabati la vyombo. Alicheka nao, kwa sababu hakuna kesi yake iliyowahi kuanguka mahakamani eti kielelezo kilichezewa.

Safari hii mlango ulifungwa na wengine, naye alikuwa upande wa ndani.

Kituo kile kilijengwa mgongoni mwa kisiwa, jengo refu la chini lenye milango miwili ya chuma iliyofuatana, na mmoja haufunguki mpaka mwingine ufungwe. Ndani walilelewa chiriku wa kisiwa, ndege wadogo wa kijani kilichofifia na kifua cha manjano, wenye mdomo mfupi mnene wa kupasulia mbegu. Hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote duniani. Panya walioshuka na mizigo bandarini walikuwa wamemaliza mayai yao porini, mbuzi wakamaliza nyasi ambazo ndege hao walitegemea mbegu zake, na waliosalia wote walikuwa chini ya paa lile. Halafu ugonjwa wa kuku ukazuka ng'ambo, amri ikatoka: anayeingia kituoni hatoki mpaka majibu ya damu ya ndege yarudi safi. Inspekta, aliyeitwa kwa ajili ya ndege aliyepotea, aliingia kwa mwendo wake wa kikazi, mkoba mkononi. Akavuka mlango wa kwanza, akavuka wa pili, akabadilishwa viatu, ndipo Daktari mkuu wa kituo, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi, alipomwuliza kama alikuwa amekisoma kibao kule nje.

"Kibao gani?" aliuliza.

Daktari alimtazama kwa huruma kidogo, kisha akamwonyesha benchi la jikoni ambalo lingekuwa kitanda chake.

Tangu hapo akawa mfungwa mwenye cheo. Madirisha yote yalikuwa na wavu wa kuzuia mbu, mwembamba kiasi kwamba hata upepo uliingia umechoka. Jenereta ilikuwa imekufa, feni zimesimama, jasho lilimtoka akiwa ameketi tu, na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu iliingia mpaka kwenye chai. Kila alikogeuka alikutana na sura zilezile tatu: Daktari, Fundi wa matundu, na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfungia stoo. Alishawajua kwa kukohoa kwao na namna wanavyoburuta ndala. Alikuwa amechoka nao, na hakuona haya kukiri moyoni kwamba alikuwa anaogopa kidogo, kama anavyoogopa mtu aliyekwama kwenye lifti na kuambiwa asubiri fundi.

Asubuhi hiyo redio ya mawasiliano ilikoroma na sauti ya mkubwa wake ikatoka. Majibu ya damu yamerudi safi. Milango ingefunguliwa adhuhuri, na boti ingefika na askari wawili kumchukua mtuhumiwa kwenda mahabusu. Faili alilitaka limefungwa kabla ya hapo, asisikie habari za "bado kidogo".

Mkubwa hakuwa na makosa kuharakisha. Ndege aliyepotea alikuwa Bi Harusi, jike pekee aliyekuwa akitaga, na wafanya magendo ya ndege wangemchukua bila kuuliza katoka wapi. Mtuhumiwa alikuwa Mlishaji, ambaye kila mtu alimwita Mjomba. Kwa wengine lilikuwa jina la heshima, lakini kwa Daktari alikuwa mjomba wa damu, ndugu wa mama yake toka nitoke, na ndiye aliyemlea mama alipofariki. Daktari huyohuyo ndiye aliyemnyooshea kidole. Chumba cha Bi Harusi kilikuwa na funguo mbili tu, mmoja shingoni kwa Daktari, mwingine kiunoni kwa Mjomba. Alfajiri ile tundu lilikutwa tupu, hakuna wavu uliochanika wala kufuli lililovunjwa. Inspekta alipopekua koti la Mjomba akaikuta mfukoni pete ndogo ya bati ambayo Bi Harusi alivishwa mguuni. Mtu akitaka kesi nyepesi kuliko hiyo, angoje kuiota.

Hata hivyo haikumkaa. Sheria ya ndege adimu haikuwa na mchezo, na mzee wa umri ule angeingia gerezani kwa miguu na kutolewa amebebwa. Inspekta alikuwa amewapeleka wengi huko na kulala usingizi mzito, lakini kwa huyu usingizi ulikuwa unakatika. Kuna kitu hakikukaa vizuri, na alikuwa na asubuhi moja tu ya kukijua.

Alianza na mzunguko wake wa kawaida. Chumba cha Bi Harusi alikuwa amekifunga mara tu alipofika, na lakiri yake ilikuwa palepale mlangoni, nyekundu na nzima. Ndani mlikuwa na matundu mawili yaliyotazamana. Moja lilikuwa tupu. Katika la pili alikaa dume, Bwana Harusi, ambaye alirudishwa humo kutoka kwenye chumba cha vipimo usiku wa kuamkia siku ile Bi Harusi alipopotea. Makinda majike waliokuwa wakilelewa upande wa pili wa jengo wangekuwa wake zake msimu ujao, maana dume mwingine wa maana hakuwepo. Daktari alinung'unika sana chumba kilipofungwa, wakakubaliana kwamba Inspekta peke yake ndiye angeingia kumlisha. Daktari akampa kopo la mbegu. Maji yalidondoka yenyewe kutoka kwenye chupa.

Inspekta alichungulia kwenye kioo cha mlango. Kibakuli cha mbegu kilikuwa kimejaa mpaka kimefura, kama kilivyokuwa jana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuivunja lakiri. Ndege alikuwa kijitini cha chini, amejitutumua manyoya, macho nusu yamefumba. Anamwomboleza mwenzake, Inspekta alijisemea, na akamhurumia kweli. Akaigusa lakiri kwa kidole gumba, akaridhika, akaenda stoo.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya gunia, homa imemwacha mashavu yameingia ndani. Hakuwa mtu mpole. Katika siku za kawaida, Daktari alisema, aligombana na kila aliyefunga mlango kwa kishindo karibu na ndege. Sasa alikuwa ametulia kwa namna iliyomkera Inspekta kuliko matusi.

"Pete iliingiaje mfukoni mwako?"

"Andika unavyoona."

"Naona umemuuza."

"Basi andika nimemuuza."

"Kwa nani, wakati hakuna anayetoka humu? Amepita wapi?"

Mjomba alitazama ukuta. Inspekta alikuwa ameshapekua jengo zima, juu ya dari, ndani ya mapipa, chini ya vitanda. Tundu la hewa la jikoni, ambalo alilitilia shaka kwa sababu skrubu zake zilikuwa mpya, lilikuwa na utando wa buibui usiokatika hata uzi mmoja. Hakuna kilichopita pale. Aliyasema yote hayo kwa sauti, akitumaini mzee angepepesa macho.

Badala yake Mjomba akauliza kama redio imesema lolote kuhusu binti yake. Binti alikuwa mke wa Fundi, aliishi chini bandarini, na tumbo lilikuwa limeshafika mwezi wake, mimba ya kwanza. Inspekta alimwambia hajasikia kitu.

"Milango ikifunguliwa," alisema Mjomba, "mwache mume wake atoke wa kwanza. Hilo tu nakuomba."

Inspekta alifunga tena stoo akiwa na hasira na huruma kwa pamoja, na hakujua aitangulize ipi.

Jikoni ndiko ilikokuwa ofisi yake. Juu ya meza alipanga vielelezo: koti, pete, na kibakuli cha Bi Harusi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Kibakuli hicho ndicho alichokitegemea zaidi. Kilikuwa kimejaa pomoni, maana yake ndege alichukuliwa punde tu baada ya kulishwa, na mlishaji ni mmoja. Alimwita Daktari, akamsukumia pete, akamwuliza pete kama ile hufunguliwaje.

"Haifunguliwi," alisema Daktari. Akaeleza kwa maneno machache kwamba pete huvishwa kinda likiwa changa, mguu ungali laini. Mguu ukishakomaa, pete haitoki tena. Wezi huikata kwa koleo ili wasijulikane.

"Hii imekatwa?"

Daktari aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena. Kisha akavuta kiti na kukaa. Inspekta aligundua kuwa hakuwahi kumwona mwanamke yule ameketi.

"Ni nzima," alisema.

"Ilitokaje, basi?"

"Kwa ndege aliye hai haitoki. Akishakufa unaweza kumkunja vidole ukaivuta kwa nguvu." Aliiweka pete mezani taratibu. Machozi yalimjaa, naye hakujisumbua kuyafuta. "Nilikuwa naomba awe ameibiwa. Unanielewa? Nilikuwa naomba Mjomba awe mwizi, ili ndege awe hai popote alipo."

Inspekta alimwelewa vizuri. Akauliza ndege yule angekufa na nini. Alikuwa mzima, Daktari alijibu, na majibu ya damu ndiyo hayo yamerudi safi. Wote wawili wakakitazama kibakuli. Kimejaa, Inspekta alifikiri, kwa hiyo hakula. Kwa nini ndege mzima agome kula? Wazo la sumu liliwajia pamoja. Daktari akasema angeweza kuzipima mbegu zile kwenye chumba chake, ila hadubini yake ilihitaji umeme.

Fundi aliitwa. Aliingia akijifuta mafuta ya jenereta, mtu mchangamfu wa mabega mapana ambaye kwa kawaida aliongea kama hao ndege wenyewe, bila kituo. Akatangaza kwamba jenereta imefufuka, inanguruma huko nyuma, imebaki kupandisha swichi tu, na kwamba Inspekta akitaka kumlipa amfungulie mlango. Hakuna aliyecheka. Inspekta akamwomba arudie maelezo yake ya mwanzo, naye akayarudia upesi: Mjomba alikuwa na homa kali siku mbili nzima, lakini alijikokota na kulisha mwenyewe, maana haamini mtu.

"Ulimwona akienda?"

"Nilimwona."

"Amevaa koti?"

"Mtu ana homa, ataachaje koti?"

"Ulipotoa maelezo ya kwanza ulisema alikuwa kifua wazi kwa joto la homa."

Fundi alicheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni. Akasema pengine amechanganya siku. Inspekta alifungua mfuko wa nailoni, akakitoa kibakuli na kukiweka katikati ya meza ili Daktari achote za kupima. Daktari alikuwa ameshafika ukutani. Akapandisha swichi apate umeme wa hadubini.

Feni ya juu ya meza ikatikisika, ikajivuta, ikaanza kuzunguka. Mara mbegu zote zilizokuwa kibakulini zikainuka. Zilipanda hewani kama vumbi jeupe, zikamwagika juu ya koti, zikaingia kwenye chai, zikanata kwenye mafuta ya mikono ya Fundi. Kibakuli kikabaki na weusi wa chini yake.

Inspekta alizitazama zikielea. "Mbegu gani hizi zinapeperuka?"

"Siyo mbegu," alisema Daktari. Alikuwa ameganda na mkono ungali kwenye swichi. "Ni makapi."

Akaokota machache, akayasugua kiganjani, yakavunjika. Chiriku hamezi mbegu nzima, alieleza. Huipasua kwa mdomo, akala kiini, na ganda huliachia papo hapo, hukohuko kibakulini. Atakula mpaka ya mwisho, na ukitazama kwa mbali utaona kibakuli kimejaa vilevile. Ndiyo maana kila asubuhi Mjomba hukipuliza kwanza, ndipo akakijaza, na hakosi, kwa hiyo hata yeye Daktari hakukishuku kile. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza kwamba jiko huwashwa kabla ya kupika. Humo kituoni lilikuwa jambo la kawaida mno, hata hapakuwa na aliyewahi kufikiria kumwambia mwenzake.

Inspekta alimgeukia Fundi. Hakupandisha sauti.

"Mjomba alipokuwa na homa, nani alilisha?"

 Fundi aliitazama mikono yake yenye mafuta na makapi.

"Kazi yangu ni nyundo na wavu," alisema. "Sijawahi kulisha ndege hata siku moja. Baba mkwe alinipa ufunguo, akaniambia nimwongeze Bi Harusi mbegu. Nikaenda, nikakuta kimejaa. Siku ya pili nikaenda, kimejaa. Nikasema huyu hali kwa sababu dume wake kapelekwa kutolewa damu. Nilichungulia tu, Inspekta. Nilichungulia nikaondoka."

"Halafu?"

"Alfajiri baba mkwe akapata nafuu, akaenda mwenyewe. Akamkuta chini ya tundu. Alichota kidogo kwa vidole kibakulini, akakipuliza kiganjani mbele yangu, nikaona." Alimgeukia Daktari. "Nikataka kuja kwako, Daktari, nikwambie. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Akasema mke wangu yuko ukingoni, hataki mjukuu wake azaliwe baba yuko ndani. Pete akaivuta, akasema hawezi kuizika, naye amemzika humuhumu ndani, kwenye bustani ya nyasi ya uani."

"Shemeji," alisema Daktari, akajishika kichwa. Baadaye akasema, si kwa Fundi wala kwa Inspekta, kwamba amemwita mwizi mtu aliyempeleka shule mgongoni.

Inspekta, kusema kweli, alikuwa na furaha. Hakuwa mtu mwenye moyo wa jiwe, lakini kesi ilikuwa imefunguka mikononi mwake kabla ya adhuhuri, na mzee wa stoo hangepanda boti. Akamwambia Daktari azime feni, akaanza kukusanya makapi kwa ukingo wa kiganja, maana sasa hayo ndiyo yalikuwa kielelezo chenyewe. Aliyarundika pamoja, akayarudisha kibakulini kidogo kidogo, akasawazisha juu kwa kidole. Kilijaa vizuri kabisa. Kilifura.

Mkono wake ukasimama.

Alikitazama kibakuli kile kama anakiona kwa mara ya kwanza, lakini hakikuwa kigeni. Alikuwa amekiona asubuhi hii hii, kwa kupitia kioo. Alikuwa amekiona na jana.

Daktari alimwona. Alitazama uso wake, halafu akatazama dirishani, pale Inspekta alipokuwa ameliweka kopo la mbegu alilompa. Utepe wa kifuniko ulikuwa haujabanduliwa.

"Bwana Harusi umemjazia lini?" aliuliza.

Inspekta alikuwa ameshainuka. Walikimbia wote watatu, naye mbele. Alipofika mlangoni funguo zilimponyoka, akaziokota, zikamponyoka tena. Lakiri aliyokuwa ameigandamiza kwa ustadi mkubwa ilikataa kubanduka, akaipiga kwa kisigino mpaka ikavunjika vipande. Muda wote huo alikuwa akisema "ngoja, ngoja," na hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Dume hakuwa tena kijitini. Alikuwa chini ya tundu, pembeni, amekuwa mviringo wa manyoya. Daktari aliingiza mkono, akamtoa, akampapasa kifuani kwa kidole. Mfupa wa kifua ulikuwa umetokeza.

"Yupo," alisema. "Yupo, lakini kwa taabu. Shemeji, sukari na maji ya vuguvugu, mbio. Na washa taa ya kuatamishia." Alimpitia Inspekta kana kwamba ni kiti kilichowekwa njiani.

Inspekta alibaki peke yake mbele ya tundu. Akakipuliza kibakuli. Alijua kitakachotokea, na bado alipuliza. Makapi yalimrudia usoni, yakamwingia machoni, na kibakulini hapakuwa na kitu.

Halafu akaenda stoo, kwa sababu mzee bado alikuwa amefungiwa huko na hapakuwa na sababu yoyote tena. Alimfungulia, akamwambia yote aliyosema Fundi. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Alisema Fundi ni mjinga lakini si mtu mbaya, na kwamba kosa ni lake yeye aliyempa ufunguo bila kumfundisha. Kisha Inspekta akamwambia habari ya dume. Hapo Mjomba alinyanyuka kutoka kwenye gunia akishika ukuta.

"Nilidhani Daktari anamlisha."

"Nilikifunga chumba. Nilikuwa nachungulia mimi."

Inspekta alisubiri matusi, na angeyapokea kwa shukrani.

"Na wewe," alisema Mjomba tu, akampita kwenda kwa mpwa wake.

Katika chumba cha vipimo Daktari alikuwa ameinama chini ya taa, akidondosha maji ya sukari kwenye ukingo wa mdomo wa ndege kwa ncha ya brashi ndogo. Tone la kwanza lilimwagika, na la pili pia. Mjomba alisimama mlangoni, na Daktari alipomwona uso ulimvunjika. Alianza kusema kitu, mzee akamkatiza kwa kumshika bega, akamwambia aendelee na kazi, mengine watayasema watakapokuwa wawili. Fundi alikuwa amekaa sakafuni ukutani, magoti kifuani, akiwatazama kama mtu anayengoja hukumu. Tone jingine liliwekwa. Koo la ndege lilicheza kidogo, au wote wanne walitamani licheze, hapakuwa na aliyethubutu kusema.

Redio ikakoroma jikoni.

Inspekta aliiendea. Alipofika alikuwa tayari anajua njia iliyokuwa wazi mbele yake. Faili lilikuwa na kila kitu: jike amekufa kwa uzembe, mhusika ni Fundi, amekiri mbele ya mashahidi. Habari ya dume haikuwa na ulazima wa kuingia popote. Kama angekufa, ndege hufa. Daktari alikuwa amejaa machozi na kazi, Mjomba si mtu wa kusema, na Fundi nani angemsikiliza? Lakiri imeshavunjika vipande na vinaweza kufagiliwa. Angetoka nje adhuhuri na jina lake lilelile, kesi nyingine isiyoanguka, na Fundi angeshuka na askari kupita mbele ya nyumba ambamo mkewe alikuwa akisubiri.

"Umemaliza?" sauti ya mkubwa ilitoka kwenye redio. "Boti imeshang'oa nanga."

"Hakuna wizi, mkubwa. Jike amekufa njaa. Kibakuli kilikuwa na makapi matupu, na aliyeachiwa alishe hakulijua hilo. Mlishaji hana hatia, nimemwachia."

"Basi nikabidhi huyo aliyeachiwa alishe. Uzembe juu ya ndege adimu ni kosa vilevile, sheria unaijua. Jina lake."

Inspekta aligeuza shingo. Mlangoni mwa jikoni walikuwa wamesimama Mjomba na Fundi, na nyuma yao Daktari, mikono yake imefumbatana kifuani kulinda kitu ambacho hakikuonekana. Hakuna aliyemwomba lolote. Angefurahi kama wangemwomba.

"Ni wawili," alisema. "Wa kwanza ni fundi wa matundu, aliua bila kujua. Wa pili ni mimi. Dume nilimfungia ndani kwa lakiri yangu, nikawa namchungulia na kibakuli kitupu, nikiona kimejaa. Kama yule ana kosa, langu ni hilohilo. Na mimi nililipwa niangalie."

Redio ikakwaruza. Mkubwa alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, akauliza kama kuna mtu karibu aliyesikia.

"Wapo wote," alijibu Inspekta. "Nimewaacha wasikie."

Mkubwa alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa, akamalizia kwamba fundi abaki chini ya dhamana ya Daktari mpaka ofisi iamue, na yeye Inspekta apande boti ileile iliyokuja kumfuata mzee. Redio ikazimwa upande wa pili.

Adhuhuri mlango wa nje ulifunguliwa, kisha wa ndani, safari hii bila kungojana, na upepo wa kweli ukaingia kwenye korido kwa mara ya kwanza. Mjomba alimsukuma Fundi mgongoni, akamwambia akamwone mkewe na arudi kabla ya jua kuzama, na Fundi akatoka mbio akiwa bado na ndala za ndani. Askari wawili vijana waliingia, mmoja ana pingu mkononi, wakawa wanatafuta kwa macho mtu wa kuzivaa.

Inspekta alikusanya mkoba wake. Kabla ya kutoka alipita chumba cha vipimo. Mjomba na Daktari walikuwa wameinama pamoja chini ya taa, vichwa vimekaribiana, na kati yao hakuona ila ncha ya brashi ikishuka.

"Atapona?" aliuliza.

Daktari hakugeuka. "Sijui," alisema. "Nenda, Inspekta. Unatuzibia mwanga."

Alisogea kando. Akavuka mlango wa kwanza, akavuka wa pili, na askari wakamfungulia njia kwa heshima, wakimwuliza mtuhumiwa yuko wapi.

"Twendeni," alisema. "Mnaye."